Uliza Mwalimu: Naambiwa mikono yangu inasema sana

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Wazazi wangu ni viziwi, nyumbani tunazungumza kwa mikono. Kwenye kikundi chetu cha maigizo naambiwa niitulize mikono, inasema sana. Nasikia aliwahi kuwako mwigizaji wa filamu za kimya aliyelelewa kama mimi. Ni kweli? Alianzaje? – Msichana wa Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Ni Lon Chaney, Mmarekani aliyezaliwa Colorado Springs mwaka 1883. Baba kiziwi, mama kiziwi. Mama alipougua akawa wa kitandani, Lon, bado mtoto, ndiye aliyekuwa akimletea habari za mjini kwa uso na mikono.

Hakuanzia kwenye filamu. Alianza kwa kupanga vifaa vya jukwaani, kisha akazunguka miaka na vikundi vya maigizo na nyimbo, akicheza na kuchekesha. Hollywood alianza kwa vijisehemu tu. Jina lake lilivuma mwaka 1919 kwa The Miracle Man: tapeli anayejifanya kiwete, viungo vimejikunja, halafu anavinyoosha polepole mbele ya umati. Mwaka 1923, katika filamu ya The Hunchback of Notre Dame, akawa Quasimodo, mpiga kengele asiyesikia. Hebu fikiria, mtoto wa viziwi kumwigiza kiziwi! Wengi humsifu kwa namna alivyojibadilisha sura mwenyewe. Mimi nasema sura ile ingebaki kinyago kama mwili usingesema. Filamu yenye sauti aliwahi moja tu, mwaka 1930, na mwaka huohuo akafariki, ana miaka 47.

Nimefundisha vijana maigizo hapa Mombasa, na kinachoniumiza ni wale wanaosimama kama nguzo, wamekariri maneno yote, mwili umelala. Wewe umekuja na mwili ulio macho. Ila kiongozi wenu naye ana hoja: neno likishafika, mkono usilirudie. Itafute The Phantom of the Opera ya 1925, ipo bure mtandaoni. Chaney anapiga kinanda, msichana anamvua kinyago kwa nyuma. Anageuka, anasimama, anamnyooshea kidole. Kidole kimoja tu, na msichana ananywea.

Kisha mwombe kiongozi wenu akupe onyesho moja lisilo na maneno, uigize mbele ya kikundi kizima. Na wazazi wako waalikwe, wakae mstari wa mbele.