Barua kwa mwanangu: kuhusu kuondoa udhamini wa mkeo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa utulivu, kwa kuwa maswali uliyoyaweka humo si ya kujibiwa kwa simu mtu akiwa njiani kwenda kazini. Unasema kwamba wewe na mkeo mmetengana, kwamba yeye amehamia kwa rafiki yake, na kwamba makaratasi yake bado yako idara ya uhamiaji yakisubiri siku ya mahojiano. Kisha unaniuliza mambo mawili: ukiondoa udhamini sasa, je, utakuwa umejitoa kabisa au deni lake litaendelea kukufuata, na ukishauondoa, yeye atabaki na hadhi gani katika nchi hii ya Marekani. Swali la pili umelitupia mwishoni kama nyongeza, lakini mimi naliona ndilo zito.

Nakujibu si kama mtu wa pembeni. Mlipofungua faili lile kipato chako hakikufikia kiwango kinachotakiwa, nami nikatia sahihi kama mdhamini mwenza, kwa hiyo jina langu limo humo pamoja na lako. Tena miaka hii yote ya ukalimani katika ofisi za mawakili imenikalisha kati ya waume na wake wengi waliofika na swali kama lako, wengi wao wakiwa wamechelewa.

Kwanza tutenganishe vitu ambavyo watu huvichanganya. Mtu akisema amemfanyia mwenzake makaratasi, hudhani ni jambo moja, kumbe ni zaidi ya moja. Kuna ombi uliloliwasilisha wewe kama raia, fomu I-130, linalosema kwamba huyu ni mke wako wa halali na kwamba ndoa ni ya kweli. Kuna ombi lake yeye la kuwa mkaazi wa kudumu, fomu I-485, ambalo linaning'inia kwenye ombi lako. Na kuna hati ya udhamini, fomu I-864, ambayo wewe na mimi tumetia sahihi kila mmoja ya kwake, tukiahidi mbele ya serikali kwamba mtu huyu hatashuka chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kila mwaka. Ombi lako likiondolewa kabla halijaamuliwa, la kwake linakosa pa kusimama na hukataliwa, na hati zetu za udhamini nazo hazina kazi tena, kwa sababu wajibu ulioandikwa humo huanza siku mgeni anapopata ukaazi, si siku mdhamini anapotia sahihi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba leo mlango uko wazi. Unaweza kuondoa ombi lako kwa maandishi wakati wowote kabla ya uamuzi, na ukifanya hivyo hutadaiwa matunzo yake kwa hati ile. Siku akipewa ukaazi mlango huo unafungwa, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Sheria iliyofanya hati ya udhamini kuwa mkataba wenye nguvu mahakamani ni ya mwaka 1996, na tangu ilipoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 1997, wajibu huo humalizika kwa njia chache tu: mgeni anapopata uraia, anapokuwa amehesabiwa robo mwaka 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, anapoondoka nchini na kuacha ukaazi wake, au anapofariki yeye au mdhamini. Ipo pia hali ya mtu aliye mbele ya hakimu wa uhamiaji akapewa ukaazi upya kwa udhamini mwingine, ila hiyo ni nadra. Talaka haimo. Chukua nakala yako ya I-864 uliyoihifadhi uisome hadi pale inapoeleza wajibu wako unaisha lini, na utakuta fomu yenyewe imetamka kwamba talaka haiumalizi. Nimewahi kumsomea mwanamume mmoja mstari huo kwa Kiswahili, hukumu ya talaka ikiwa mkononi mwake, naye akaniomba niusome tena polepole, kisha akamgeukia wakili kumuuliza kama mkalimani amekosea.

Na lau mkeo angekuwa tayari ameshapata kadi ya kijani, yaani hati ya ukaazi wa kudumu, usingekuwa na cha kuondoa. Ndoa isiyotimiza miaka miwili siku ya kupewa ukaazi humpa mtu kadi ya masharti ya miaka miwili, utaratibu uliowekwa mwaka 1986, na kabla kadi hiyo haijaisha mume na mke hutakiwa kuomba pamoja masharti yaondolewe kwa fomu I-751. Lakini mume akikataa kutia sahihi, mke aliyeolewa kwa nia njema kisha ndoa ikavunjika kwa talaka anaweza kuomba peke yake, na ushahidi wake ukasikilizwa. Nayasema haya ili ujue kwamba mamlaka unayodhani unayo juu yake ni madogo, na ni ya muda mfupi.

Hapa nataka tusimame kidogo. Katika barua yako umeandika, bila hata kushtuka, kwamba siku mlipogombana ulimwambia kwamba ukitaka unamrudisha kwao kwa barua moja. Mwanangu, kwanza si kweli. Barua yako haimfukuzi mtu nchini. Anayeweza kuamuru mtu aondolewe ni hakimu wa uhamiaji, baada ya serikali kumfungulia shauri na yeye kupewa nafasi ya kujitetea. Pili, neno hilo ni kitisho, na maafisa wa uhamiaji wanalijua vizuri. Tangu mwaka 1994 sheria imempa mke au mume anayeteswa na raia njia ya kuomba ukaazi bila kumtegemea mtesaji, kwa fomu I-360, na ombi hilo hufichwa kabisa, wala afisa haruhusiwi kumweleza mtesaji kwamba lipo. Ukatili unaotajwa humo si kipigo peke yake. Kumtisha mwenzako kila siku kwa makaratasi, kumfichia pasipoti, kumzuia asifanye kazi, vyote vinaweza kuwekwa mezani kama ushahidi. Sisemi kwamba wewe ni mtesaji, kwa kuwa sina picha kamili ya yaliyopita ndani ya nyumba yenu, ila ikiwa pasipoti yake au barua yoyote ya serikali yenye jina lake bado imo katika droo zako, mpelekee wiki hii, na usiambatanishe sharti lolote.

Sasa niseme kuhusu yeye. Alikuja kwa viza ya masomo, masomo yakaisha, na tangu hapo anakaa nchini kihalali kwa sababu tu ombi la ukaazi linasubiri. Kibali cha kazi alichonacho kimetolewa kwa msingi wa ombi hilohilo. Likikataliwa, kibali kinapoteza msingi wake, na siku za kukaa bila ruhusa zinaanza kuhesabiwa. Zikizidi siku 180 kisha akaondoka, anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3. Zikifika mwaka mmoja, kizuizi ni miaka 10. Huyu ni mtu ambaye bado anaweza kujipanga: kurudi masomoni, kutafuta njia nyingine ya kisheria, au kuondoka kwa hiari yake kabla hesabu haijamharibia. Lakini hawezi kujipanga kwa habari asizonazo. Ukituma barua kimya kimya akaja kujua kwa karatasi ya kukataliwa, utakuwa umemnyang'anya muda, jambo ambalo hata ugomvi wenu, kwa namna ulivyoueleza, haulihalalishi. Mwambie kabla hujatuma, kwa maandishi na kwa lugha ya heshima, na umshauri atafute wakili wake mwenyewe, asiwe huyo wa kwenu wa zamani, kwa kuwa sasa maslahi yenu hayaendi pamoja.

Najua pia kuna wazo la pili linalokuzunguka, kwa sababu umeuliza kwa kupitia mbali kama mnaweza kwenda kwenye mahojiano pamoja, yeye apate kadi, kisha kila mmoja ashike njia yake. Wazo hilo linatokana na huruma, na nakupenda kwa hilo, lakini silikubali. Mbele ya afisa mtaapishwa, na mtaulizwa kama mnaishi pamoja, nani analipa kodi ya nyumba, mara ya mwisho kula mezani pamoja ilikuwa lini. Ukisema uongo hapo, umetenda kosa la jinai, na yeye umemwachia hadhi iliyojengwa juu ya kiapo cha uongo, ambayo inaweza kuja kupekuliwa hata siku atakapoomba uraia. Tena utakuwa umejifunga katika ile I-864, na kunifunga mimi, kwa miaka ambayo hujui itakuwaje. Kutengana kwenyewe hakuui ombi, maana sheria inatazama kama ndoa ilikuwa ya kweli ilipofungwa, na wanandoa walio katika mgogoro huweza kufika mbele ya afisa na kusema wazi kwamba wana mgogoro. Kinachoua ombi ni talaka ikitangulia uamuzi, au uongo. Kwa hiyo kama kuna nia hata kidogo ya kusuluhishana, msiende mahakamani wala usitume barua. Ombeni mahojiano yaahirishwe, mtafute wazee au mshauri mnayemwamini. Lakini kama umeshaamua moyoni kwamba huyu si mke wako tena, basi usikae kimya ukingoja mambo yajimalize.

Ninaposema usitume, nina sababu. Ombi likishaondolewa, huwezi kulirudisha. Hakuna barua ya pili ya kusema nilikuwa na hasira. Mkipatana baadaye mtaanza upya kwa ombi jipya na ada mpya, na kila ulichokiandika katika barua ya kuondoa kitakuwa kimo katika faili, afisa mpya akikisoma. Nimewaona waume wakirudi kwa wakili baada ya kupatana, wamekaa na wake zao kwenye viti viwili vya mlangoni, wakiuliza kama ile barua inaweza kutafutwa katika posta. Ndiyo maana naomba uiandike leo ukitaka, uiweke, na usiitume mpaka uwe umeisoma siku ambayo hamjagombana.

Barua yenyewe ni fupi. Weka jina lako kamili na tarehe yako ya kuzaliwa, jina la mkeo na tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya stakabadhi ya ombi, ile yenye herufi tatu na tarakimu kumi, na namba yake ya ugeni, ile anayopewa mgeni na idara ya uhamiaji, kama unayo. Sema kwamba wewe uliyewasilisha I-130 unaliondoa, na kwamba unaondoa pia udhamini wa I-864. Tia sahihi kwa mkono, weka tarehe, uitume kwa ofisi inayoshikilia faili, kwa posta inayoweza kufuatiliwa, na uhifadhi nakala pamoja na risiti. Hulazimiki kueleza ndoa ilivunjikaje. Ukitaka kutoa sababu, sentensi moja inatosha: tumetengana na hatukusudii kuendelea.

Zaidi ya hapo usiongeze, hasa lile neno ulilolitumia katika barua yako kwangu, kwamba aliolewa nawe kwa ajili ya makaratasi tu. Mimi niliwaona mkiwa pamoja, na wewe mwenyewe uliapa kwamba ndoa ni ya kweli. Ukiiambia serikali kwamba ilikuwa ya udanganyifu, unamtaja kwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000, na ikithibitishwa, hakuna mtu mwingine atakayeweza kumwombea ukaazi maishani, hata akija kuolewa kwa halali na kuzaa. Ukiwa na ushahidi wa kweli, mpe wakili aupime. Ukiwa na uchungu tu, usiuandike mahali ambapo hautafutika.

Kuhusu wakili, tafuta mwenye leseni, au mwakilishi wa shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia mambo ya uhamiaji. Wale madalali wa kujaza fomu wanaojulikana kwenye vikundi vya simu hawaruhusiwi kutoa ushauri wa sheria, hata wawe wepesi na bei zao ziwe nafuu namna gani.

Imebaki sahihi yangu. Ninaweza kuiondoa peke yangu kabla ya uamuzi, na wakili amenihakikishia hivyo, lakini sitakutangulia. Nikiiondoa wewe ukiwa bado hujaamua, nitakuwa nimewaamulia, kwa sababu kipato chako peke yake sijui kama sasa kinatosha. Nitangoja uzungumze naye kwanza. Tarehe ya mahojiano ikitoka kabla hujanijibu, nijulishe siku hiyohiyo, maana hapo nitalazimika kuamua la kwangu. Na ukituma barua, nakala moja iletwe kwangu niiweke pamoja na hati niliyoitia sahihi.

Ni mimi mama yako.