Shangazi, si upangishe huko chini?

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu aliniuliza kwenye grupu la familia: "Shangazi, shikamoo. Kwenye picha tumeona nyumba yako ina vyumba chini ya ardhi, havilali mtu. Si upangishe huko chini, tupaue nyumba ya bibi?" Wengine wakafuatia na vicheko na madole gumba.

Marahaba, mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natoka zamu ya usiku, na jibu lake si la mistari miwili. Zile picha ni za mwaka juzi. Huko chini nimeshapangisha, tangu mwezi wa tisa. Sikuwaambia kwa kuwa nilijua mtapiga hesabu ya kodi kabla hamjasikia habari ya deni.

Hapa Calgary, Kanada, nyumba nyingi zina besimenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi. Ardhi huganda wakati wa baridi, kwa hiyo msingi huchimbwa kwenda chini sana, na mtu akishachimba hivyo anaona heri apate na vyumba. Mwaka niliofika nililala kwenye besimenti ya watu. Nililipa taslimu, risiti hakuna, na dirisha lilikuwa juu karibu na dari, upana wake kama tofali mbili. Usiku mmoja king'ora cha moshi kikalia ghorofani. Kumbe mwenye nyumba kaunguza vitunguu tu. Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama juu ya kitanda, nalipima lile dirisha kwa macho. Kichwa kingepita. Mabega yasingepita.

Kwa hiyo nilipopata nyumba yangu (yangu na ya benki, tuseme ukweli), sikutaka kumlaza mtu chini kimyakimya, ingawa wapo wengi wanaofanya hivyo. Ukikamatwa unaamriwa ubomoe au umtoe mpangaji. Moto ukitokea na bima hukuwaambia kuna mpangaji, wanaweza kukataa kulipa.

Nyumbani tunaweka nondo dirishani mwizi asiingie. Huku sheria inauliza kama aliyelala ataweza kutoka. Chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha linalofunguka kwa ndani bila ufunguo wala kifaa. Likiwa wazi, nafasi yake isipungue mita za mraba 0.35, na upande wowote usiwe chini ya milimita 380. Pima sentimita 60 kwa 60 ukutani kwenu, ndio ukubwa wenyewe. Na kwa kuwa dirisha liko chini ya usawa wa ardhi, nje yake unachimba shimo lenye kuta, milimita 760 kutoka dirishani, ili mtu akitoka apate pa kusimama na kupanda juu. Mimi nilikuwa na vyumba viwili, basi madirisha mawili. Ukuta ni zege. Waliukata kwa msumeno wa almasi, vumbi likaingia mpaka kwenye sufuria za ghorofani. Kila dirisha likanila dola elfu tano na ushee.

Bado kulikuwa na vibali: cha ujenzi, cha umeme, cha mabomba, cha gesi. Na msilalamike sana juu ya urasimu wa huku, kwani kabla ya 2018 mitaa mingi ya mji huu mwenye nyumba alikuwa anapeleka ombi lake mbele ya baraza zima la madiwani, anaeleza mambo ya familia yake hadharani ili aruhusiwe kuweka mpangaji. Mimi nilikuta hilo limeshaondolewa.

Fundi wangu alikuwa mtu wa kwetu, mchapakazi, mcheshi, ila ana haraka. Akafunika kuta kwa bodi za jipsamu kabla mkaguzi hajaona nyaya na mabomba. Mkaguzi alikuja, akagonga ukuta kwa kidole, akasema kwa upole kabisa: fungueni. Tukabomoa tulichojenga wiki ile ile. Fundi alikasirika, mimi nililia chooni, halafu tukanunua bodi nyingine.

Kilichonishangaza zaidi ni joto. Nilidhani mashine moja itapasha juu na chini, kama ilivyokuwa. Hapana. Makao mapya ya chini hayaruhusiwi kuvuta hewa kwenye mabomba yale yale, maana moshi nao hupita humo. Ikabidi chini wawe na mfumo wao wa joto. Ving'ora vya moshi navyo vimeunganishwa, kimoja kikilia vinalia vyote, juu na chini. Nikiunguza vitunguu sasa, mpangaji wangu anajua.

Jumla ilifika dola 78,000. Elfu 30 nilikuwa nimeziweka miaka saba, zilizobaki nikaongeza kwenye deni la nyumba. Jiji likasajili makao yale na kunipa stika, na mtu yeyote anaweza kutafuta anwani yangu mtandaoni aone kama nimo.

Mpangaji analipa dola 1,350 kwa mwezi. Msifikirie kodi ya miezi sita mkononi. Amana hapa Alberta, jimbo letu, haizidi kodi ya mwezi mmoja, na mlango wake siufungui hovyo, namwandikia saa 24 kabla. Toa rejesho la benki, umeme na gesi vilivyoongezeka, bima iliyopanda, na kodi ya mapato, kwani hiyo pesa naitangaza serikalini. Kinachobaki hakifiki dola 400, na mwezi wa pili bomba la maji ya moto lilivuja, hakikubaki kitu.

Mabati ya bibi nimeyakumbuka. Mwambieni fundi anipe idadi na geji, aandike kwenye karatasi, apige picha. Nitatuma nusu mwezi wa nne na nusu mwezi wa saba. Na kile chumba cha uani anacholala bibi, ng'oeni nondo za dirisha moja, mfunge zenye bawaba zinazofunguka kwa ndani. Hiyo hela natuma Ijumaa.