Kuandika Kiamhara kwa Kompyuta na Simu: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Moyale, upande wa Kenya. Wateja wengi huvuka mpaka wakiniletea barua na maombi yaliyoandikwa kwa mkono kwa Kiamhara, nami huwarudisha kwa sababu kibodi yangu ina herufi za Kilatini tu. Je, ninunue kibodi maalumu? Na nitawezaje kukumbuka herufi zaidi ya 200? – Msomaji, Moyale

JIBU: Kibodi uliyo nayo inatosha, fedha zako ziweke kwenye karatasi na wino. Unachohitaji ni programu ya kugeuza unachobonyeza kuwa herufi za Kiethiopia, pamoja na subira ya kujifunza herufi zenyewe.

Idadi yake isikutishe. Kumbuka ubao wa darasa la kwanza na ile safu ya ba, be, bi, bo, bu, kwa maana fidel, kama Waethiopia wanavyoiita hazina yao ya herufi, imepangwa kwa silabi vivyo hivyo. Kuna konsonanti 33, na kila moja ina maumbo saba kufuatana na irabu inayoiandama, jumla 231, mbali na maumbo ya ziada. Safu ya b ni hii: በ ቡ ቢ ባ ቤ ብ ቦ. Mwili ni uleule; katika ቡ kimechomoza kistari upande wa kulia, na katika ቤ mguu wa kulia umeishia kwa kijiduara. Umbo la sita, ብ, ndilo la kuangalia sana, kwa sababu husimama mahali ambapo konsonanti haina irabu, au ina irabu hafifu isiyo na mwenzake katika Kiswahili.

Programu hufuata mpangilio huohuo. Ukibonyeza s unapata ስ, yaani umbo la sita. Ukifuatisha e, herufi hiyo hiyo hugeuka kuwa ሰ mbele ya macho yako. Ongeza l na a upate ላ, kisha m upate ም, na neno ሰላም, salamu, limekamilika kwa kubonyeza selam. Njia hii ya kuandika kwa sauti ina mizizi katika SERA, mpangilio uliotayarishwa na Yitna Firdyiwek na Daniel Yacob katika miaka ya 1990 ili maandishi ya Kiethiopia yaweze kupita kwenye barua pepe kwa herufi za Kilatini.

Ugumu unaanza kwenye herufi kubwa. Fidel haina herufi kubwa wala ndogo, hivyo programu huzitumia kutenganisha sauti: t ni ት, lakini T ni ጥ, ile t inayotamkwa kwa kishindo cha koo, n ni ን, na N ni ኝ, sawa na ny yetu. Chukua salamu ya heshima ጤና ይስጥልኝ, ambayo mteja wako anaweza kuianzia barua. Kwa mpangilio wa SERA utabonyeza TEna ysTlN. Neno la pili halina irabu hata moja, kwa kuwa herufi zake zote tano ni za umbo la sita, na ukiandika t ndogo mahali pa T umeshaharibu maneno yote mawili. Kwa sababu hiyo, kitufe cha Caps Lock kisiwashwe kabisa unapochapa Kiamhara. Kwenye kibodi nyingi za namna hii, yaani mipangilio ya vitufe iliyo ndani ya programu, nukta mbili ukizibonyeza mara mbili hukupa ።, ambayo ndiyo nukta ya mwisho wa sentensi.

Kuhusu programu yenyewe, Windows imekuwa na Kiamhara ndani yake tangu toleo la Vista. Unaongeza lugha hiyo kwenye mipangilio, kisha unabadilisha kibodi kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi. Hata hivyo ningekushauri uanze na Keyman, programu ya kuandikia inayosimamiwa na shirika la lugha la SIL, kwa sababu ni ya bure na inapatikana kwa Windows, Mac, Linux na simu, kwa hiyo mazoea ya vidole utakayoyapata dukani yatakufaa popote. Chapisha jedwali la vitufe la kibodi utakayoichagua, ulibandike ukutani karibu na kompyuta, kwani kibodi hutofautiana katika baadhi ya herufi.

Nakuomba jambo moja kwa moyo wote: majina ya watu yanakili kama yalivyo. Kiamhara cha leo kina herufi zinazosomwa kwa sauti moja lakini zikaandikwa tofauti. ሰ na ሠ zote ni s, na h inazo safu tatu, ሀ, ሐ na ኀ. Mtu aliyeandika jina lake ኃይሌ, nawe ukamchapia ሀይሌ, atasomwa Haile vilevile, lakini karatasi yake haitalingana na kitambulisho, na ofisa anayemtafuta kwenye kompyuta anaweza asimpate.

SWALI: Mimi ni mfasiri. Nimepokea kwa barua pepe mkataba wa Kiamhara uliochapwa mwaka 1997, lakini ukifunguka naona herufi za Kilatini na alama zisizosomeka. Nimebadilisha fonti mara nyingi bila mafanikio. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Faili lako huenda halikuharibika. Maandishi ya Kiethiopia yaliingizwa katika Unicode, utaratibu unaoipa kila herufi namba yake moja duniani kote, katika toleo la 3.0 la mwaka 1999. Kabla ya hapo kila mtengenezaji wa programu alichora herufi za Kiamhara juu ya nafasi za herufi za Kilatini, na kwa kuwa fonti za wakati huo zilikuwa na nafasi zisizozidi 256, wengine walizigawa katika fonti mbili au zaidi. Kompyuta ilihifadhi namba ya herufi ya Kilatini, na fonti ikaivika sura ya Kiamhara. Fonti ile ikikosekana, sura hiyo inaondoka, na fonti nyingine yoyote haiwezi kuirudisha.

Weka kishale ndani ya maandishi hayo utazame kisanduku cha fonti: mara nyingi jina la fonti ya asili bado limeandikwa pale, hata kama kompyuta yako haina fonti hiyo. Kwa jina hilo utatafuta programu ya kubadilisha maandishi ya fonti hiyo hasa kwenda Unicode. Kisha mpe msomaji wa Kiamhara alinganishe na nakala ya karatasi, akianza na tarehe, kiasi cha fedha na majina.

SWALI: Nikimwandikia rafiki yangu wa Addis Ababa kwa simu, hunijibu kwa Kiamhara nami naona visanduku vitupu. Nifanyeje, na mimi nitaandikaje? – Msomaji, Arusha

JIBU: Visanduku maana yake simu yako imepokea herufi lakini haina fonti ya kuzichora, jambo linaloonekana zaidi kwenye simu za zamani. Sasisha mfumo wa simu kwanza. Kwenye kompyuta, pakua fonti ya Noto Sans Ethiopic au Abyssinica SIL, zote za bure.

Kwa kuandika, Gboard, kibodi ya Google kwenye simu za Android, ina Kiamhara katika orodha ya lugha zake. Ukishaiongeza, shikilia kitufe cha nafasi ubadilishe kutoka Kiswahili. Mwenye iPhone anaweza kutumia Keyman. Anza na ሰላም, umwombe rafiki yako akutumie picha ya skrini yake ili uone kama imefika kama ulivyoiandika.