Soma nyuzi kabla hujashika msumeno

Jumamosi iliyopita kijana mmoja hapa karakanani kwangu alimaliza stendi yake ya kwanza ya simu. Alikuwa ameipiga msasa mpaka inateleza. Akaweka simu, mdomo wa stendi, pale simu inapokalia, ukalia paa! Niliidaka ile simu kwa sababu mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka, nilishaona nyuzi za mbao, ile mistari inayopita ndani ya ubao, zimekaa vibaya. Huyo ni wa tatu mwezi huu, na wote ni vijana wenye mikono mizuri. Ndiyo maana naandika.

1. Nunua mbao kavu. Mkienda soko la Gikomba, Nairobi, msimu wa masika, saiprasi nyingi bado ina maji. Ipandishe mkononi usikie uzito wake, iguse shavuni: mbichi ni baridi. Ikifika nyumbani ikae ndani wiki kadhaa, imeinuliwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Mbao ikikauka husinyaa upana, urefu haubadiliki sana, kwa hiyo mfereji uliokata leo ukiwa sawasawa na simu utaibana mwezi ujao.

2. Nyuzi. Hapa naomba mtulie.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Mama mmoja mwenye duka la M-Pesa kule mtaa wa Umoja aliniagiza stendi ya simu yake ya kazi. Nilikuwa na ubao wa mahogani uliobaki kwenye kabati la mteja mwingine, rangi ya damu ya mzee, nikaona huu ndio. Nikachora umbo la L, mgongo ukifuata urefu wa ubao, kwa kuwa hivyo mbao haipotei. Nyuzi zikapanda na mgongo vizuri kabisa. Lakini kwenye mdomo, pale simu inapokalia, zilikuwa zinaukata mdomo kwa unene wake. Mdomo wenyewe ulikuwa sentimita moja, basi kila uzi pale ulikuwa na urefu wa sentimita moja tu. Hakuna uzi hata mmoja uliotoka mgongoni ukaingia mdomoni. Sikuangalia. Nilikuwa naangalia rangi.

Ilishika siku tisa. Ya kumi ilikuwa mwisho wa mwezi, foleni imetoka mpaka nje ya duka. Mama akabonyeza kioo akimtolea mteja pesa, mdomo ukakatika kwa mstari mnyoofu kama uliopasuliwa kwa shoka, simu ikatua kwenye saruji. Alinipigia kwa simu ya jirani. Hakunifokea. Alisema, "Kijana wangu, nimefunga duka."

Nilimlipia kioo kipya, pesa ya kazi mbili ikaisha hapo. Siku ile ya mwisho wa mwezi sikuweza kumrudishia. Kile kipande kilichokatika nilikishika kati ya vidole viwili nikakivunja tena, bila nguvu, kama biskuti. Ninacho kwenye kopo la misumari. Wengi wenu mmekiona, hamkujua kilitoka wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora, chukua kipande cha ubao uleule, weka patasi kwenye ncha ya kipande hicho, gonga mara moja. Ufa utakuonyesha nyuzi zinakoelekea, hata kama mistari ya juu inakudanganya. Kisha laza kigezo chako cha kadibodi mshazari, nyuzi zipite kwenye kona kutoka mgongoni hadi mdomoni. Utapoteza mbao kidogo, poteza. Au utengeneze mdomo kama kipande cha peke yake, nyuzi zikienda mbele, ukiingize kwenye mgongo kwa gundi na kijiti. Plaiwudi haina shida hii, kwa kuwa tabaka zake zimepishana. Na kona ya ndani usiikate kali kama ya sanduku, iache na mviringo kidogo, maana ufa hupenda kuanzia pale.

3. Pima simu ikiwa na kava. Simu ya milimita 8 ikivaa kava inaweza kufika 12. Acha pia tundu la waya wa chaji, jamani! Kila mwezi mtu ananiletea stendi nzuri ambayo simu haiwezi kuchajiwa ikiwa juu yake.

4. Msasa namba 80, 120, 180, kwa kufuata nyuzi. Usiruke.

5. Gundi ikae usiku kucha. Nawajua, mnafungua jiliwa linalobana kazi baada ya chai.

6. Kitambaa ulichopakia stendi mafuta ya kitani usikifinyange na kukitupa kwenye ndoo ya taka. Kikikauka kinatoa joto, na kikiwa kimejikunja joto halina pa kutokea. Kinaweza kuwaka chenyewe usiku. Kitandaze kwenye kamba ya nguo huko nje, kila mmoja chake, na msiondoke kabla sijaviona vyote.