Maswali na Majibu: Mashine ya Vifaranga Isiyopoa

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa watu walionunua au kuunda mashine ndogo ya kutotolesha kwa ajili ya familia, wakaonja mara moja, na sasa hawawezi kuvumilia kuiona trei tupu. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Nyuzi zote za joto ni za Selsiasi.

Nina mashine ya mayai 48 yenye feni. Mayai nilinunua kwa majirani watatu. Nimepata vifaranga 19 tu, yaliyobaki nimeyatupa. Kosa ni joto? (Msomaji wa Uyole, Mbeya)

Huenda ni joto, huenda siyo, na ushahidi umekwenda jalalani. Safari ijayo usitupe yai viza kabla ya kulivunja. Vaa glavu, toka nje (harufu yake haina adabu), pasua upande wa butu ulipo mfuko wa hewa, kisha andika ulichokiona na yai limetoka kwa jirani yupi.

Yai ambalo kiini na ute vimebaki vilevile halikuwa na mbegu, au kijusi kilikufa saa za mwanzo kabisa. Hapo muulize mwenye kuku. Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10. Akipewa 20, mengi yatatoka matupu. Muulize pia mayai yalikaa muda gani, maana muuzaji wa mtaani hukusanya hadi trei ijae. Yai lililokaa siku 7 mahali pa baridi bado ni zuri. Baada ya hapo uwezo wake hushuka kila siku. Kwenye chumba cha joto la nyuzi 24 na zaidi kijusi huanza kukua polepole, kikachoka kabla hata ya kufika mashineni, kwa hiyo sehemu za joto siku 4 au 5 zinatosha. Hifadhi ncha ikiwa chini, na si kwenye friji.

Ukikuta pete ya damu, kijusi kilikufa katika wiki ya kwanza: yai la zamani, mtikisiko wa bodaboda, au joto lililopanda na kushuka siku za mwanzo. Mayai yaliyosafiri yapumzike saa 12 hadi 24, ncha chini, kabla ya kuingia mashineni.

Kifaranga aliyekamilika akafa bila kutoboa ganda, mwili umevimba majimaji na mfuko wa hewa ni mdogo, alizama katika unyevu uliozidi. Akiwa mkavu, amegandamana na utando, unyevu ulipungua, mara nyingi kwa sababu kifuniko kilifunguliwa siku mbili za mwisho. Wakitoka siku ya 19 au 20 na vitovu havijafunga, joto lilikuwa juu. Wakichelewa hadi siku ya 22 au 23, wazito na wanyonge, joto lilikuwa chini. Kichwa kikiwa upande wa ncha, jua yai liliwekwa juu chini.

Kwako Mbeya kuna jambo la ziada. Kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 hewa ni nyepesi, oksijeni ni kidogo na yai hupoteza maji haraka zaidi. Fungua matundu yote ya hewa kuanzia siku ya 14 na uongeze unyevu kidogo. Usiagize mayai kutoka Dar es Salaam ukiweza kupata ya hapo hapo. Kuku waliozoea mwinuko hutaga mayai yanayouvumilia.

Na hesabu yako ipige upya. Tuseme 14 hayakuwa na mbegu. Basi umepata 19 kati ya 34, yaani asilimia 56, si 40. Mashine isihukumiwe kwa mayai ambayo hayakuwa na kitu ndani.

Kioo cha mashine kinasema 37.7, kipimajoto nilichoweka ndani kinasema 36.4. Nimuamini nani? (Msomaji wa Singida)

Hakuna hata mmoja kwanza. Chukua kipimajoto cha homa cha duka la dawa, kile cha kidijitali. Weka maji ya uvuguvugu kwenye kikombe kikubwa, koroga, tumbukiza ncha za vipimo vyote viwili pamoja, na uongeze maji ya moto au baridi hadi cha homa kisome kati ya 37 na 38. Tofauti utakayoiona iandike kwa kalamu ya wino juu ya kipimo chako. Kama hakiruhusiwi kulowa, kifunge vizuri kwenye mfuko wa nailoni.

Mashine yenye feni hutaka 37.5 hadi 37.8. Isiyo na feni hutaka 38.3 hadi 38.8 ukipima usawa wa juu ya mayai, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na chini hubaki baridi zaidi. Watu wengi huchanganya namba hizi mbili, wakapika au wakachelewesha.

Kipima unyevu nacho kina mtihani wake. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji hadi iwe rojo zito, ifungie pamoja na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa kwa saa 12. Lazima kisome 75. Kikisoma 68, ongeza 7 kwenye kila usomaji wako.

Nataka kuunda yangu mwenyewe kwa deli la zamani. Nahitaji nini? (Msomaji wa Kahama)

Deli la sentimita 50 kwa 40 linabeba mayai kama 40. Utahitaji taa mbili za wati 40 za nyuzi, zile za zamani zinazochoma mkono (za LED hazitoi joto la kutosha). Feni ya kompyuta ya volti 12, upana sentimita 8. Adapta ya volti 12, ampea 2. Na kidhibiti joto cha W1209. Hicho kidude kikitoka dukani kwa kawaida kimepangwa kupoza. Badili P0 iwe H (yaani kupasha), kisha P1, tofauti kati ya kuzima na kuwaka, ishushe kutoka 2 hadi 0.2, ndipo uweke 37.6. Wasiogusa P1 ndio wanaolalamika kwamba joto linacheza kutoka 36 hadi 38.

Taa zipite kwenye kidhibiti, feni iwake muda wote na isipulize mayai moja kwa moja. Taa mbili badala ya moja, ili moja ikiungua usiku nyingine ishike zamu. Zikinge kwa kopo lililotobolewa, zisiguse povu wala vifaranga. Toboa matundu manne ya unene wa kidole kidogo upande wa chini na mengine manne kifunikoni. Nyaya za umeme wa nyumba afunge fundi umeme. Iwashe tupu saa 24 kabla ya kuweka hata yai moja.

Ninaishi Tanga mjini. Mtandaoni wanasema jaza maji, lakini vifaranga wangu wanafia ndani wakiwa wamelowa. (Mama Zuhura)

Mama, yaondoe maji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ni ya kawaida pwani, ikiingia mashineni na kupashwa hadi 37.5 hubaki na unyevu wa asilimia 53 hivi. Hicho ndicho kiwango kinachotakiwa siku 18 za mwanzo, 45 hadi 55, na hujaweka tone. Msomaji wa Dodoma mwenye hewa ya nyuzi 25 na unyevu wa 45 atashuka hadi 22; huyo ndiye anayehitaji bakuli, na ajue kwamba kinachoongeza unyevu ni upana wa uso wa maji, si kina.

Kipimo bora kuliko vyote ni mizani ya jikoni. Yai linatakiwa kupoteza karibu asilimia 12 ya uzito hadi siku ya 18. Pima mayai 20 pamoja na trei, toa uzito wa trei. Yakianza na gramu 1,000, siku ya 7 yawe kama 953, siku ya 14 kama 907, siku ya 18 kama 880. Yakiwa mazito kuliko hapo, punguza unyevu. Yakiwa mepesi, ongeza. Siku tatu za mwisho hata wewe wa Tanga weka maji, unyevu ufike 65 hadi 70, utando usikauke.

Lazima niamke usiku kugeuza mayai? (Msomaji wa Iringa)

Hapana. Geuza saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Muhimu ni idadi iwe witiri, ili upande uliolalia usiku mrefu leo usiwe uleule kesho. Andika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli. Ukiweka mayai Jumamosi jioni, acha kugeuza Jumatano ya wiki ya tatu, na utarajie vifaranga kuanzia Ijumaa usiku.

Umeme hukatika kwa muda unaofika saa sita nzima. Niyatupe mayai? (Msomaji wa Kigoma)

Usiyatupe. Siku 10 za mwanzo funga matundu, funika mashine kwa blanketi, weka chupa za maji ya moto pembeni zisiguse mayai. Baada ya siku ya 14 mayai yanajitengenezea joto, hivyo acha tundu moja au mawili wazi. Wanaweza kuchelewa saa kadhaa hadi siku nzima. Mulika kwa tochi baada ya siku nne ndipo uamue. Kinachoua haraka si kupoa bali joto la nyuzi 40 na zaidi.

Kifaranga ametoboa jana asubuhi na bado yuko ndani. Watoto wanalia nimtoe. (Msomaji wa Voi)

Watulize watoto. Tangu tundu la kwanza hadi kuzunguka ganda, saa 24 ni kawaida. Muda huo anavuta damu iliyo kwenye utando na kuingiza kiini tumboni. Ukimbandua ganda sasa, atavuja damu. Usifungue kuwatoa wenzake pia: waliokauka wanaweza kukaa mle saa 24 na zaidi bila chakula, kiini kinawalisha. Kila ukiinua kifuniko, unyevu unatoroka na utando wa waliotoboa unakaza kama ngozi ya ngoma.

Msaada ni halali tu pale zinapopita saa 24 bila mabadiliko na utando unaoonekana tunduni umekauka kuwa rangi ya kahawia. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu, banua kidogo kuzunguka tundu. Ukiona damu, acha, mrudishe.

Ninaweka mayai 40 kila wiki. Mke wangu anasema nimeoa mke wa pili, na huyo wa pili ana waya. Nifanyeje? (Msomaji wa Kinondoni)

Kaka, shemeji ana hoja. Asilimia 60 ya mayai 40 ni vifaranga 24 kwa wiki. Kwa mtindo huo, wiki ya nane una karibu 190 chini, na nusu yao ni majogoo. Kila mmoja hula kama kilo 2 za chakula cha vifaranga hadi wiki 8. Kundi moja ni mfuko wa kilo 50, na mzunguko ukikamilika unanunua mfuko kila wiki. Mita moja ya mraba inatosha vifaranga 50 kwa wiki mbili za kwanza, lakini wakifika wiki ya nne wabaki 20 hadi 25.

Gharama ni upande mmoja tu. Mashine yako hairuhusiwi kutotoa na kuatamiza kwa wakati mmoja: wanaototolewa wanataka unyevu wa 70, wa wiki ya kwanza wanataka 50, na manyoya na uchafu wa kutotoa huangukia mayai mabichi pamoja na bakteria wake. Bandani nako kuku wakubwa hubeba koksidia (vimelea vya kuhara damu) bila kuumwa, wakawaambukiza wadogo. Wahudumie wadogo kwanza, wakubwa mwisho, na chanjo ya mdondo isiachwe kwa sababu kundi ni la mapenzi tu: ya tone la jicho ya I-2 hurudiwa kila miezi mitatu.

Kanuni tunayokushauri: hakuna yai kuingia mashineni kama bruda (boksi lenye joto la kulelea vifaranga) haitakuwa tupu siku ya 21. Kiutendaji ni awamu moja kila wiki tano hivi, na mashine ioshwe kwa maji ya sabuni, ipulizwe dawa, ikauke kabisa. Kiu ikizidi, badilisha ndege badala ya kuongeza idadi: kware hutotolewa siku 17 hadi 18, kanga 26 hadi 28. Au mtafute tetea anayeatamia, mpe mayai 10 siku ileile unayojaza mashine ndogo, kisha usiku wa kutotoa mchomekee wale wa mashine chini ya mbawa. Tetea mzuri atalea 15 hadi 20, na taa ya bruda inabaki imezimwa.

Nimesikia yai lenye ncha kali hutoa jogoo na la mviringo hutoa tetea. Nichague ya mviringo? (Msomaji wa Ukerewe)

Chagua yenye umbo la kawaida, gramu 45 hadi 60 kwa kuku wa kienyeji, ganda lisilo na ufa, yasiyooshwa. Jinsia imo ndani ya kijiyai cha mama kabla ganda halijaanza kutengenezwa, na umbo la ganda halina habari nayo. Joto la mashine pia haliibadilishi, ingawa wapo wauzaji wanaodai hivyo. Kwa kienyeji subiri wiki ya 5 hadi ya 8: majogoo watatangulia kupata upanga mwekundu na miguu minene.