Steki ya "damu damu": Kiswahili chake ni kipi?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Tulikuwa New York kwa safari ya kikazi, jioni moja mimi na wenzangu tukaenda Brooklyn kula steki pale mgahawa wa Peter Luger. Mmoja akasema anataka mediamu rea, mwenzetu wa Unguja akaniuliza ndo nini hiyo, nikamjibu ni nyama inayoletwa ikiwa na damu damu. Basi akaishia kula viazi na spinachi tu, na ubishi ukaenda mpaka hotelini. Kwa Kiswahili tusemeje? Halafu ile nyama ilikuja na mfupa mkubwa katikati, hiyo nayo ni steki? Na mimi niliwaambia tuagize "steki za watu wanne", nilipatia? — Msomaji, Dar.

JIBU: Marahaba. Nianze na damu maana ndo iliyomnyima mwenzako chakula.

Yale majimaji mekundu sio damu. Damu nyingi hutoka ng'ombe anapochinjwa, kinachobaki kwenye mnofu ni hasa maji yenye protini moja inaitwa mayoglobini ambayo kazi yake ni kutunza oksijeni kwenye misuli, nayo ni nyekundu, ikipata moto wa kutosha inageuka kahawia. Sasa pale Peter Luger wana mtindo wao wa kuegemeza sahani upande ili siagi na yale majimaji yachuruzike chini, mhudumu anayachota na kijiko anamwagia nyama, hebu fikiria Muislamu aliyekulia Unguja ameshaambiwa "damu" halafu anaona hivyo, angekula vipi jamani? Kwetu damu sio neno la rangi, ni neno la haramu. Kwa hiyo usiseme "nyama yenye damu", sema "nyama yenye majimaji mekundu" au "ndani bado nyekundu", ndio ukweli wenyewe. (Suala la nani kachinja na kachinja vipi hilo ni lingine, huulizwa mwenye mgahawa, sio mwalimu wa lugha.)

Sasa viwango vya kuiva. Watu wanadhani hatuna maneno kwa sababu nyama yetu tunataka iive, kwisha. Maneno tunayo. Tuna mbichi na mbivu, na tuna ufundi wa kurudia neno ili kulipunguza makali, kama tunavyosema wali umekuwa majimaji au chungwa lina uchachu uchachu. Kwa hiyo ile rea, yaani iliyopikwa kidogo tu, unaweza kuiita mbichimbichi na kila mtu akakuelewa bila kamusi. Tena tuna kubabua, yaani kupitisha kitu motoni juu juu ngozi iungue ndani kusiguswe, na steki iliyobabuliwa ni ile haswa wanayoigusisha moto mkali ikatolewa. Mediamu rea, ambayo katikati huwa kama nyuzi 54 hadi 57 za Selsiasi, mimi naiita "nusu mbivu, ndani nyekundu", na mediamu yenyewe "nusu mbivu, ndani pinki". Ukipenda waridi badala ya pinki sawa ila mezani utachekwa. Kuanzia nyuzi 70 na kitu hiyo ni mbivu kabisa, na wapo wanaosema "ikauke", hao ndo wengi wetu. Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe inashauri steki ifike nyuzi 63 kisha ikae dakika 3 kabla ya kuliwa, kwa hiyo anayetaka iive zaidi ya wenzake asionekane mshamba.

Kuna neno moja nakuomba usiliguse. Hawa Peter Luger wapo toka 1887 na nyama wanaitunza wenyewe humo humo kwenye chumba cha baridi wiki kadhaa mpaka ilainike na ladha ikolee, nimeona watu wanatafsiri eti "nyama iliyovundikwa". Vundika ndizi, vundika embe, sawa, lakini ukiitia nyama msikilizaji anasikia kuvunda na hapo umeshaua hamu ya meza nzima. Sema imekomazwa.

Mfupa sasa. Hapo ndipo bucha zetu zinapogongana na Brooklyn. Ukienda bucha Dar ukasema "nipe nusu kilo steki" unapewa mnofu mtupu, nyama yenye mifupa inaitwa mchanganyiko na bei yake iko chini, Kenya nako steki ya buchani ni mnofu. Kwa hiyo kwa mizani ya bucha ya Tabata, ile nyama ya mfupa mliyokula, ambayo wao wanaiita potahausi, haikuwa steki hata kidogo! Ila kwa mizani ya kwao steki ni kipande kinene kilichokatwa kukingama nyama, mfupa uwepo usiwepo, na potahausi ina mfupa wa umbo la herufi T, upande mmoja sarara, upande mwingine mnofu wa mgongo ulio mgumu kidogo lakini wenye ladha zaidi. Maana zote mbili ni halali, cha msingi ujue uko kaunta gani. Ukimsimulia mtu nyumbani sema "steki ya mfupa", ataelewa na hatakuuliza mara mbili. Na hilo sarara usiliache life, siku hizi kila mtu anasema fileti tu wakati neno tunalo na linatamkika vizuri.

La mwisho ni dogo. Pale nyama inauzwa kwa idadi ya walaji, ya wawili, ya watatu, ya wanne, inakuja sahani moja imeshakatwakatwa. Kama mliagiza sahani moja mgawane ni "steki ya watu wanne". Ukisema "steki za watu wanne" mhudumu anayejua Kiswahili angeweza kuwaletea nne, kila mtu na yake, na bili ya pale mnaijua wenyewe.