Waulize uwanja wa watoto ni wa nani

Gungu, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya mwisho mama yako alikuwa pembeni yangu, chai imempoa mkononi. Umesema wewe na mkwe wangu mmepata nyumba nje ya Houston, huko Texas, Marekani, katika mtaa mkubwa ambao kampuni moja imeupanga wote tangu ulipokuwa pori. Kuna bwawa la kuogelea lenye mteremko wa watoto, mfereji ambao mtu anakaa juu ya mpira uliojazwa upepo na maji yanamzungusha taratibu, ukumbi, chumba cha mazoezi, na njia ya kutembea inayozunguka ziwa. Kisha ukaniuliza: "Baba, wewe umepima viwanja maisha yako yote. Ungekubali kuishi mahali ambapo kila kitu kimepangwa kabla hujafika?"

Hilo si swali la kujibu kwa simu. Nimetoa kiti chini ya mwembe nikaandika.

Mahali pa namna hiyo nimewahi kuishi, ingawa hapakuwa na bwawa. Nilikuwa na miaka kumi mwaka 1972, Operesheni ya Vijiji ilipoufikia mkoa wetu. Sisi Waha tulikuwa tunakaa mbalimbali, kila ukoo na kilima chake, migomba imezunguka nyumba. Tukahamishwa kwenda kijijini, na kijiji chenyewe siku tunafika kilikuwa vigingi tu vilivyopangwa mstari kwenye nyasi. Babu yako alishuka kwenye lori na mlango wa nyumba yetu ya zamani mgongoni, maana mlango ndicho kitu alichoweza kuking'oa. Kila kaya ilipewa eneo sawa na mwenzake, barabara imenyooka, shule huku, bomba kule. Mimi niliipenda ile mistari. Nilikuwa natembea juu ya kamba za kupimia mpaka nafukuzwa, na nadhani kazi yangu ilianzia pale. Babu yako hakukipenda kijiji kile hadi anafariki, kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na kaburi la mama yake lilibaki kule kwenye migomba. Shule ile ndiyo iliyonisomesha. Uchungu wa babu yako na shukrani yangu nimevibeba vyote viwili, na hata sasa kimoja hakijakifuta kingine.

Wewe umeulizwa. Una hiari ya kukataa. Hapo tayari umempita babu yako mbali sana.

Wala usinisikilize nikisifu vichochoro vya Ujiji ukadhani nachukia mpangilio. Wageni wakija kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wakaona zile baraza na wazee wamekaa kivulini, wanasema hivi ndivyo watu wanavyotakiwa kuishi. Na mimi nazipenda zile baraza. Lakini nimewahi kusimama usiku katika mtaa mmoja hapa mjini, nyumba inaungua, gari la zimamoto limesimama barabarani haliwezi kuingia kwa kuwa hakuna aliyeacha njia. Tulipokezana ndoo. Niliporudi nyumbani mama yako alinikuta nimekaa na viatu hadi asubuhi.

Sasa nikueleze jambo lililoniumiza katika miaka yangu ya kazi, kwa sababu ndilo jibu langu.

Katika kila ramani ya mipango miji tuliweka eneo la wazi. Tuliligawa vizuri, tukalipaka kijani, tukazika bikoni kwenye kona zake kama tunavyozika za viwanja vya watu. Kuna moja nililipima mimi mwenyewe nikiwa kijana, uwanja wa watoto wa mtaa mzima. Baada ya miaka kama kumi nikapita pale. Nikakuta ghala, nyumba tatu na kibanda cha kuuzia vinywaji. Watoto walikuwa wanacheza barabarani, mawe mawili yamekuwa goli. Nikaenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, nikauliza. Aliyenijibu alikuwa mtu mpole, hakuwa na ubaya wowote. Akaniambia: "Mzee, lile eneo halikuwa na mwenyewe."

Kiwanja cha mtu kina mwenyewe, atakitetea mpaka mahakamani. Cha watu wote hakikuwa na wa kukitetea, wala senti ya kukifyekea nyasi.

Ndiyo maana nilipozisoma zile karatasi za masharti ulizonitumia, pale unapolalamikia ada ya kila mwaka mimi nilifurahi. Bwawa lile lina mwenyewe. Njia ya kutembea ina mwenyewe. Ni chama cha wenye nyumba, na kila anayenunua anaingia apende asipende, analipa, na hawezi kujitoa maadamu nyumba ni yake. Usiichukulie ada hiyo kama michango ya harusi ya kulipa ukipata nafasi. Katika sheria za Texas deni la ada linaweza kufika hadi nyumba kuuzwa. Faini peke yake, kwa mfano ya nyasi kurefuka, haitoshi kuuza nyumba ya mtu, lakini ada inatosha. Mkwe wangu alijue hilo kabla hajasaini. Ukali huo ndio unaofanya uwanja ubaki uwanja.

Chuoni tulifundishwa habari za Mwingereza mmoja, Ebenezer Howard, aliyeandika mwaka 1898 kuhusu miji yenye bustani, na mji wa kwanza wa fikra zake, Letchworth, ukaanza mwaka 1903. Wengi tulishika bustani na miti. Mwalimu wetu alituzuia akasema miti si kitu, angalieni ardhi ni ya nani. Howard alitaka ardhi yote iwe mali ya mji, ili bei ikipanda faida iwarudie wakazi. Na mwaka 1962, mwaka niliozaliwa, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuiokoa Letchworth baada ya wenye fedha kuitwaa kampuni iliyomiliki ardhi ile. Kwa hiyo hata pale palipopangwa kwa nia njema palihitaji kulindwa.

Huko kwenu fikra hiyo iliingia kwa wafanyabiashara: Reston kule Virginia mwaka 1964, Columbia ya Maryland mwaka 1967, na jirani yako kabisa, kaskazini ya Houston, The Woodlands mwaka 1974, ya George Mitchell, mtu wa mafuta na gesi. Columbia waliweka masanduku ya barua pamoja, ya nyumba nyingi mahali pamoja, ili mtu akienda kuchukua barua akutane na jirani. Nililisoma hilo nikakumbuka bomba letu la kijijini. Tulijuana pale, foleni ya ndoo.

The Woodlands nina sababu nyingine ya kuitaja. Mitchell alimwita mtaalamu, Ian McHarg, naye akaanza na maji: mvua inapita wapi, inazama wapi, ndipo nyumba zikapangwa. Hilo ndilo nataka ulishike kuliko bwawa na ukumbi. Ziwa lile zuri kwenye picha zako, ambalo wajukuu zangu wamesimama kando yake na mikate ya bata, yumkini lilichimbwa kuwa shimo la kupokea mvua. Houston ni tambarare, udongo wake ni mfinyanzi, maji hayana pa kukimbilia. Agosti 2017, wakati wa kimbunga Harvey, maji yaliingia katika maelfu ya nyumba nyuma ya mabwawa ya Addicks na Barker, yaliyojengwa miaka ya 1940 kuukinga mji. Humo mlikuwa na mitaa iliyopangwa vizuri kama huo wako. Nyumba zilikuwa zimejengwa ndani ya ardhi ambayo bwawa likijaa ni yake, na wenyeji wengi walisema hawakuwahi kuambiwa.

Usidhani ni mambo ya huko tu. Maji ya Tanganyika yalipopanda miaka hii, watu wa mwambao wa Kibirizi waliona ziwa linaingia mahali walipokuwa wakifanyia biashara. Ziwa lilirudi kwake. Mpima asiyeuliza maji yanalala wapi amechora picha tu.

Halafu kuna suala la nani ameshika kalamu. Kwenye karatasi zako nimeona kwamba kwa sasa chama kinaongozwa na kampuni iliyojenga, yenyewe inachagua viongozi, kwa kuwa viwanja vingi bado havijauzwa. Sheria ya Texas inataka viwanja robo tatu vikishauzwa, ndani ya siku 120 wenye nyumba wawe wameshachagua angalau theluthi ya viongozi. Kabla ya hapo mnalipa lakini hamwamui. Uliza wameshauza vingapi. Uliza pia siku kampuni ikiondoka inawaachia nini: fedha za akiba za kutengeneza bwawa likipasuka, au bwawa tupu na deni. Na ile kodi ya wilaya ya maji, iliyoandikwa kwa herufi ndogo, inalipa mkopo wa mabomba na mifereji ya mtaa mzima. Ijumlishe na ada, uijumlishe na kodi ya nyumba, ndipo useme nyumba ni bei gani. Mimi nilijumlisha kwa kalamu nikarudia, nikidhani nimekosea.

Kuna jambo lingine sitalizunguka. Katika sehemu kubwa ya karne iliyopita, hati za mitaa mingi ya kupangwa huko Marekani ziliandikwa wazi kwamba mtu mweusi asiuziwe. Mahakama yao ya Juu ilikataa kuyapa nguvu masharti hayo mwaka 1948, na sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa nyumba ikaja mwaka 1968. Columbia niliyoitaja ilijengwa kwa makusudi iwe ya watu wa rangi zote. Ndiyo maana nikiona neno "masharti" kwenye hati ya huko nasoma polepole. Yako nimesoma yote, hayana neno baya. Ila karatasi haioneshi jirani. Nendeni Jumamosi mchana, mkae saa nzima kando ya bwawa, muone ni watoto wa nani wanaoingia majini na nani anawaita chakula kikiiva. Mkimaliza hiyo saa bila mtu kuwasalimu, mnipigie.

Sharti la kuomba kibali kabla ya kupaka mlango rangi, hilo halinisumbui. Lile la magari ya wageni kutolala barabarani, hapo ndipo mama yako alipoweka kikombe chini. Anauliza, mkifiwa watu watakaa wapi? Jirani yetu alipofariki mwaka jana, turubai liliziba njia siku tatu, magari yakazungukia juu, na hakuna aliyenung'unika hata mmoja. Yeye anataka ujue ule ukumbi unachukua watu wangapi, kama mnaruhusiwa kupika wenyewe, na kama mwenye msiba anaweza kuupata siku ileile au mpaka aombe mwezi mmoja kabla. Mimi naona ni swali zuri kuliko yangu yote, na usione aibu kuwauliza wale vijana wanaouza nyumba. Dagaa utakazokaanga uani, hilo mtazoeana na majirani. Waonjeshe mapema.

Umeniuliza kama ningekubali. Ningekubali, mwanangu. Nimezeeka nikitamani kuona uwanja mmoja wa watoto niliouchora ukiwa bado uwanja baada ya miaka ishirini, na nyie mnaweza kuishi mahali ambapo jambo hilo ni la kawaida. Ningekubali nikijua nyumba iko juu kuliko maji, na kwamba siku moja kalamu itafika mikononi mwa wanaokaa humo. Na ikifika, mkwe wangu asikae nyuma kwenye mikutano. Agombee. Mtu asiyehudhuria mkutano wa mtaa hana la kusema wakikata miti.

Nitumie ramani ya mtaa yenye mistari ya mwinuko, na ile ya mafuriko inayotolewa na serikali yao, zote mbili, na namba ya kiwanja chenu iwe imezungushiwa kalamu. Msisaini kitu chochote kabla hazijanifikia. Macho yamepungua lakini mistari ya mwinuko bado naisoma, na nitaisoma usiku huohuo.

Wasalimie wajukuu zangu, na mkwe wangu.

Baba yako